Uzi: Mahubiri ya mazingira tumeyasikia sana. Kaya zetu, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zililindwa na mwiko, na mwiko ulikuwa na wenyewe

Msitu_wa_Kwale (mleta uzi):

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo rohoni muda mrefu, na leo naliweka hapa tulijadili kwa utulivu, maana linagusa dini zetu zote pamoja na wale wanaosema hawana dini.

Siku hizi neno la mazingira liko kila mahali pa ibada. Khutba zinatukumbusha kuwa mwanadamu ni khalifa duniani na atakwenda kuulizwa. Kwa Wakatoliki, tangu Papa Francis atoe waraka wa Laudato Si' mwaka 2015, Septemba 1 imekuwa siku ya kuombea uumbaji. Waorthodoksi walikuwa wameianza tangu 1989, na Patriaki wao Bartholomew alitamka mwaka 1997 kwamba kuihujumu dunia ni dhambi. Nayaamini yote hayo. Ila nikiangalia Kwale na Kilifi, huku pwani ya Kenya, misitu mingi ya mwambao iliyosimama hadi leo haikulindwa na hotuba. Ililindwa na mwiko, na ukiuvunja mwiko ule kuna watu walikuwa wanakuja mlangoni kwako kukuuliza.

Nazungumzia kaya zetu sisi Wamijikenda. Kwa msiozijua: kuanzia karne ya 16 wazee wetu walijenga vijiji vyao ndani ya misitu, kila kabila na kaya zake. Nyumba zilikuwa katikati, msitu ukaachwa pande zote uwe ngome, njia za kuingilia zikawa chache na zenye malango. Ndani kulizikwa fingo, ile kinga ya kaya, na wakubwa wakazikwa humo humo. Baadaye watu walitoka kidogo kidogo kwenda kulima nje, na kufikia miaka ya 1940 kaya zikawa hazikaliwi tena. Makaburi na fingo vikabaki, na wazee wa kaya wakabaki na kazi ya kuvilinda. Kwa hiyo kaya si pori ambalo mtu hajalikanyaga. Ni msitu uliobaki kwa sababu watu waliishi humo na kuzikwa humo, na wajukuu wakaona haya kuutia shoka.

Nenda Kaya Kinondo, kusini ya Diani, uone kwa macho yako. Msitu wenyewe ni mdogo, hekta 30 hivi. Kabla hujaingia unafungwa kaniki, ile nguo nyeusi, kiunoni, uwe mheshimiwa au mtalii aliyetoka hotelini asubuhi hiyo. Hutoki na jani. Hutoki na jiwe, wala kijiti kikavu kilichoanguka chenyewe. Hakuna makelele, hakuna kubusiana. Juu mbega wanaruka, chini ni mizizi imekumbatia mawe ya matumbawe, na kuna miti ambayo watu wawili wakishikana mikono hawaizunguki. Toka hatua chache nje ya msitu: vichaka, mashamba yaliyochoka, viwanja vya watu vyenye kuta. Mvua ni ileile na udongo ni uleule.

UNESCO waliziandika kaya 10 kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, Kinondo ikiwemo, na mwaka uliofuata mila za kaya zikaingizwa kwenye orodha ya mila zinazohitaji kunusuriwa kwa haraka. Tunashukuru. Lakini cheti hakimkamati mtu aliyeingia usiku na msumeno.

Swali langu ni hili. Dini zetu kubwa zina aya, zina nyaraka, zina siku maalumu. Mbona hazina mwiko? Nionyesheni msikiti au kanisa ambalo muumini akifyeka chanzo cha maji anaitwa, anaulizwa, anatozwa. Anayefumaniwa ataitwa. Aliyekausha kijito cha kijiji kizima anapewa kiti cha mbele kwenye harambee.

Mpemba_wa_Wesha:

Ndugu yangu Msitu, uzi mzuri, ila hapo kwenye Uislamu nitakurekebisha kwa adabu. Mwiko tunao na umeandikwa. Mtume (s.a.w.) aliufanya mji wa Madina kuwa haram, yaani eneo takatifu, miti yake haikatwi na wanyama wake hawawindwi. Na kuna kitu kinaitwa hima, ardhi iliyotengwa kwa maslahi ya wote. Sayyidna Umar alipokuwa khalifa alimweka mtu wake, Hunayy, kusimamia hima. Maelekezo aliyompa yamo katika Sahihi Bukhari: mwenye ngamia wachache na kondoo wachache umruhusu aingie kulisha, lakini mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan uwe nayo macho. Na hao ni masahaba wakubwa, matajiri wa Madina. Umar akaeleza sababu: tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba na mitende ya kurudia, masikini yake ikifa atakuja na wanawe kulia mlangoni kwangu.

Mwaona hapo? Kuna mpaka, kuna msimamizi mwenye jina, na kuna uadilifu juu ya nani anaingia. Hilo ndilo tuliloliacha sisi, tukabaki na aya za kupamba kalenda.

Kwetu Pemba tunacho kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake. Wazee wanahadithia kuwa Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala wa kusalia, hakukuwa na msala, akasema basi kisiwa hiki ndicho msala wangu, nacho kimeelekea kibla. Wavuvi wanapiga dago, yaani kambi za uvuvi, pale tangu mababu. Palipoanza uvuvi wa baruti na nyavu za macho madogo, matumbawe yakapondeka. Mwaka 1998 Misali ikatangazwa hifadhi, upande mmoja hauvuliwi kabisa. Askari doria walikuwepo, lakini bahari ni pana. Kilichosaidia ni kwamba mafunzo ya Qur'ani kuhusu uumbaji yalipelekwa kwa wavuvi wenyewe na walimu wa madrasa, taasisi ya Kiislamu ya ikolojia iliyoko Uingereza ikashirikiana na watu wa hapa. Mvuvi akaelezwa kwa lugha ya dini yake kwamba baruti ni israfu, yaani ubadhirifu, na ni ufisadi. Aya tunaisoma sote: "Ufisadi umedhihiri bara na baharini". Mvuvi akiisikia mbele ya maji aliyoyaharibu mwenyewe, inamwingia kwingine kabisa.

Sisemi Misali imekamilika, matatizo yapo. Ila usiseme hatuna. Tunacho, tumekilaza.

Mama_Kihamba:

Shikamooni wakubwa. Mimi ni Mlutheri wa Machame, nimeguswa na huu uzi.

Huku Kilimanjaro kanisa limejitahidi. Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuwa mkuu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, watu walimwita askofu wa miti, na haikuwa sifa ya bure, amehimiza upandaji miti miaka mingi. Katika usharika wetu watoto wa kipaimara walipewa miche wapande kabla ya siku yao. Nilifurahi sana mwanangu alipopanda wake. Lakini niseme ukweli: miche ilipandwa mvua za masika, picha zikapigwa, na ilipofika Agosti mbuzi walikuwa wameimaliza karibu yote. Hakuna aliyepangiwa zamu ya kumwagilia wala kuweka miiba. Tulikuwa na ibada ya kupanda, hatukuwa na ibada ya kutunza. Mwanzo 2:15 imeweka kazi mbili, mtu awekwe bustanini "ailime na kuitunza". Ya pili tumeiacha.

Halafu hapohapo kihambani kwangu, kwenye shamba la nyumbani, kuna masale, mimea yetu Wachaga ya mipaka na makaburi, yaliyopandwa na bibi wa mume wangu kwenye mpaka na pale walipolala wazee. Hayo hakuna mbuzi anayeyafikia na hakuna mtu anayeyang'oa. Mtu akikukosea vibaya akaja na jani la isale lililofungwa fundo, huwezi kumfukuza, lazima umsikilize. Mti umebeba neno la watu, ndiyo maana upo. Mche wa kipaimara haukubebeshwa neno lolote, ulibebeshwa namba ya ripoti.

Ninachojiuliza, kanisa likiupa kila mche mtu wake, na mtoto akajua kwamba siku ya kufunga ndoa mchungaji atamwuliza mti wako uko wapi, hali ingekuwaje?

Mchumi_Mtaani:

Nimesoma yote kwa heshima. Naomba niseme upande ambao haujasemwa. Mimi niko Kilifi bara, Ganze. Miaka miwili ya ukame ikifuatana, mahindi hayatoki, mbuzi wanakufa, karo inadaiwa. Gunia la mkaa linatoa hela siku hiyohiyo barabarani. Baba wa watoto sita ukimwambia msitu ni makao ya mababu, atakwambia mababu hawajala na yeye hajala.

La pili, mnawasifu wazee wa kaya. Wazee haohao huku kwetu wanauawa. Mzee akiota mvi, macho yakiwa mekundu kwa moshi wa kuni, anaitwa mchawi, na usiku anavamiwa. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma kupata hifadhi. Sasa mwiko utasimamiwa na nani, ikiwa anayeusimamia haogopwi wala hapendwi?

Sipingi. Nauliza kwa uchungu.

Bi_Rabai:

Kaka Mchumi, uchungu wako ni wangu. Kwenye hayo mauaji watu waangalie vizuri: mara nyingi nyuma ya neno uchawi kuna ekari. Mzee ndiye anayejua mpaka ulipo, ndiye mwenye kukataa kuuza. Akiondoka, shamba linagawanywa. Anayemwondoa mzee anaondoa pia shahidi wa ardhi. Kwa hiyo mauaji ya wazee na kumalizika kwa misitu kwangu ni kesi moja, siyo mbili.

Na tukumbuke kaya haikuwa ya wazee wanaume peke yao. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo kukataa kodi na vijana kutolewa kwa nguvu kuwa wafanyakazi na wapagazi wa Mwingereza. Viapo viwili vilitolewa: wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala kiapo cha fisi. Serikali ya mkoloni ilielewa nguvu ile ilitoka wapi, ndiyo maana mwaka uliofuata, Agosti 1914, wakaja kuilipua kaya kwa baruti. Fikirini: dola yenye majeshi inaona tishio kwenye msitu wenye kiapo. Mimi nikisikia leo mtu anasema utakatifu wa ardhi ni mambo ya ndoto, namkumbusha ile baruti.

Ninachotaka kuongeza ni hiki. Wanawake ndio tunaokwenda kuni na maji. Sisi ndio tunaojua kisima gani kimeshuka na mti gani wa dawa umepotea. Baraza lolote la kulinda msitu ambalo wanawake hawamo, litachelewa kupata habari.

Msitu_wa_Kwale (mleta uzi):

Nimefarijika sana na michango. Nijibu kwa jinsi ilivyonigusa.

Mpemba, umenipa elimu, nashukuru. Habari ya Hunayy inamjibu pia Mchumi. Umar hakufunga hima kwa kila mtu. Aliangalia nani ana njaa na nani ana mali, akamfungulia wa kwanza. Nyingi ya hifadhi zetu za leo zimefanya kinyume: mama aliyekutwa na mzigo wa kuni anapelekwa kituoni, na lori la boriti linapita kwa sababu lina karatasi. Mtu akiona hivyo mwiko unamtoka moyoni siku hiyohiyo. Kwa hiyo Mchumi, sitaki kumwambia baba wa watoto sita habari za mababu kisha niende zangu. Kaya ikiwa na manufaa, yaanzie kwa walio mpakani. Kinondo wamejaribu: kiingilio cha wageni, vijana wa kijiji ndio wanaoongoza watu ndani, na fedha zinasaidia mambo ya hapo kijijini. Si utajiri, ila kijana anayepata riziki kwa msitu kusimama ataona hasara ukiangushwa.

Mama Kihamba, hilo la mchungaji kuuliza mti kabla ya ndoa naomba lifike kwa wahusika. Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Dini ina nafasi ya kumwuliza mtu pale ambapo serikali haifiki: kwenye ndoa, kipaimara, maziko, kwenye kupewa uongozi. Siku hizo mtu anasikiliza.

Na kwa ndugu zangu Waislamu wenzangu watakaosema kaya ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu: wazee wengi wa Kinondo ni Waislamu, wanasali. Suala la matambiko lina wanazuoni wake na siwezi kulifungia hapa. Ila kuacha mti usikatwe, kutomkojolea aliyekufa kaburini, kutochafua kisima, hayo hayamtoi mtu katika dini. Tusichome msitu mzima kwa sababu ya kuku mmoja wa kafara.

Mdigo_Doha:

Wakuu, nawasoma kutoka Qatar, niko kazini huku mwaka wa nane. Nyumbani ni Lunga Lunga. Mbona hakuna aliyetaja Mrima?

Kwa wasiojua: Mrima ni kilima chenye msitu, nacho ni kaya yetu. Chini yake kuna metali ya niobiamu na yale madini adimu yanayotafutwa sana duniani. Mwaka 2013 kampuni moja ilitangaza thamani ya zaidi ya dola bilioni 62, na mwaka huohuo leseni yake ikafutwa na serikali. Tangu hapo kila nchi kubwa inapitisha watu wake. Sasa swali gumu kwako Msitu: madini adimu hayo ndiyo yanayotengeneza sumaku za mitambo ya upepo na magari ya umeme. Wanasema ndiyo yataiokoa dunia na joto. Je, imani ya kuitunza dunia inasema nini hapo? Tuutoe msitu mmoja dunia ipone? Mimi naona vijana wa kwetu wanalala njaa juu ya mabilioni, na naona pia kaburi la babu yangu. Sijalala usingizi mzuri kwa jambo hili.

Mama_Kihamba:

Swali zito hili. Nasubiri jibu.

Msitu_wa_Kwale (mleta uzi):

Mdigo, pole na ugenini. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kujibu haraka.

Kwanza tuangalie tulichokwisha kukiona hapa Kwale kwetu. Mgodi wa titani ulianza kusafirisha mchanga wake mwaka 2014. Mwisho wa 2024 ukafungwa, madini yamekwisha. Kulikuwa na ajira, barabara, wapo waliosomeshwa, siwezi kuyakana. Lakini familia zilihamishwa na minazi yao na mikorosho yao, na makaburi yakafukuliwa, na umri wa mgodi wote ulikuwa kama miaka 11. Kaya zina zaidi ya miaka 400. Anayekuja na hesabu ya bilioni 62 aseme pia ni za miaka mingapi, zinabaki wapi, na mwaka wa kumi na mbili mtoto wa Mrima atakunywa maji gani. Kilima kile kina mionzi ya asili tayari, kwa ajili ya thoriamu iliyomo kwenye udongo. Msitu umekaa juu yake umeshika udongo ule usipeperuke. Ukiuondoa, vumbi linakwenda majumbani.

Pili, hilo la kuiokoa dunia. Watu wa Mrima si walioipasha dunia joto. Mtu wa Lunga Lunga anatembea kwa miguu au bodaboda na nyumbani ana taa ya sola. Ukimwambia atoe makaburi yake ili mtu wa mbali abadilishe gari la petroli kwa gari la umeme, lenye ukubwa uleule na safari zilezile, umemtwisha toba ya dhambi ambayo hakuitenda. Imani yoyote niijuayo, aliyekosa ndiye anayeanza kutubu. Waanze kwa kupunguza. Wachukue kwanza sumaku zilizomo kwenye mashine zao mbovu wazitumie tena. Baada ya hapo waje tuongee.

Tatu, na hapa ndipo nataka tufanye kazi. Mkataa wa mwisho uwe wa watu wa Mrima, siyo wangu mimi wa humu mtandaoni wala wa mtu wa Nairobi. Ili ukatae au ukubali, lazima ardhi iwe na jina lako. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 63, inaitaja ardhi ya jamii, na ndani yake imo misitu ya jamii na mahali pao pa ibada. Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipitishwa 2016. Kaya nyingi zilitangazwa kwenye gazeti la serikali kuwa kumbukumbu za taifa kuanzia 1992, jambo jema, lakini kutangazwa kumbukumbu ya taifa si sawa na jamii kuwa na hati. Pale Diani sehemu za kaya ziliishia kuwa viwanja vya watu binafsi, vimegawanywa ofisini na watu ambao hawakuwahi kufungwa kaniki.

Kwa hiyo Mdigo, ukija likizo, naomba tukutane na wazee wa Mrima, na vijana wawepo, na Bi Rabai kama atakubali atuletee kina mama waliopitia jambo hili kwao. Agenda iwe moja: jamii imesajiliwa au bado, na ramani ya mipaka ya kaya iko kwa nani. Ambaye ana mtu kwenye afisi ya ardhi Kwale anaweza kuanza kuuliza leo. Ambaye ni imamu au mchungaji wa eneo lile naye aje, akae upande wa wazee, aseme mbele ya watu kwamba kuuza kilima kile bila ridhaa yao ni haramu, ni dhambi, na asimbariki mtu atakayefanya hivyo.

Mdigo_Doha:

Nakuja mwezi wa nne, inshallah. Ami yangu ni mmoja wa wazee wa kaya, nampigia leo usiku nimwulize habari ya ramani.

Bi_Rabai:

Niko tayari. Nitakuja na wenzangu wawili wa Rabai na mmoja wa Ribe. Nauli tutajichangia wenyewe.